Bahari ina nini mpaka tuache kazi tuifuate? Maswali yenu kuhusu likizo ya Pangani na Tanga

Mwezi huu meseji zenu karibu zote zinazunguka jambo moja, watu wanataka kujua kwenda likizo kwenye mji wa pwani kuna faida gani hasa, na wengi mnauliza Pangani na Tanga kwa sababu mnajua ndo kwetu. Nimechagua chache, nyingine nimezikata urefu, majina nimeyaacha. Penye mengi ya kusema nitakaa, penye machache nitapita.

Shikamoo shangazi. Mimi ni mwalimu huku Mbeya, nina miaka 38 na watoto wawili, bahari nimeiona siku moja tu pale Dar nilipomsindikiza mgonjwa. Nataka twende familia nzima likizo ya mwezi wa sita ila mume wangu anasema hela ya kwenda kuangalia maji bora tumalizie ukuta wa nyumba, na mi sina jibu zaidi ya kwamba nimechoka. Nipe sababu basi, sababu ya kumwambia mtu mzima akaelewa. – Mama Wawili, Mbeya

Marahaba mwanangu, na pole. Hilo neno nimechoka usilione dogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kila mwaka, na hazikuwekwa ili mtu akae nyumbani amalizie kusahihisha mitihani. Lakini umeomba sababu, haya tukae.

Ya kwanza ni saa. Mji kama Pangani saa yake inashikwa na maji. Kwa siku maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake, kwa hiyo hakuna ratiba utakayoikariri. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndo bamvua, maji yanatoka mbali kweli, kwenye saa nne asubuhi unaona miamba yote iko nje na kina mama wameshashuka na vijiti vyao kuchokoa pweza, halafu saa kumi jioni bahari imerudi mpaka kwenye mizizi ya minazi kama vile haijawahi kuondoka. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayaji karibu. Sasa we umezoea kengele, kipindi cha kwanza, kipindi cha pili, paredi, siku ya kwanza pale utasumbuka utakuwa unashika simu kila dakika, siku ya pili utamuuliza mwenye gesti maji yanakupwa saa ngapi, siku ya tatu huulizi mtu, unachungulia mwenyewe dirishani. Nimeliona hili kwa wageni wangu wengi na nimeliona kwangu, maana naishi Dar mwaka wa 20 huu na kila nikirudi kwetu ule usingizi wa usiku wa tatu sijaupata kwingine. Mi si daktari, siwezi kukwambia bahari inatibu nini. Nakwambia ninachokijua.

Ya pili ni watoto. Wapeleke diko asubuhi mapema, pale ngalawa zinapofikia, wasimame pembeni waangalie mnada. Samaki wanamwagwa chini, changu, tasi, kibua, siku nzuri nguru mzima, dalali anapandisha bei kwa sauti na wanunuzi wanaitika kwa kunyanyua kidole tu, ukizubaa hujui hata nani kanunua. Mtoto aliyezoea samaki wa ziwani aliyekauka au wa kwenye friji atarudi Mbeya na maswali ambayo we mwalimu utayafurahia: kwa nini huyu ana meno, kwa nini yule ana rangi ya kasuku, kwa nini baba yule kamrudisha mdogo majini.

Ya tatu ni hela yenyewe, na hapa ndo uongee na mzee kwa utaratibu. Mumeo akisikia pwani anawaza hoteli. Mwambie Pangani mjini kuna gesti za kawaida kabisa za mtu wa kawaida, mnachukua vyumba viwili, chai mnakunywa sokoni, vitumbua, mihogo, maharage ya nazi, mchana wali wa nazi na samaki kwa mama ntilie, jioni mnatembea bure kando ya mto. Ghali ni nauli, hiyo sikufichi, kutoka Mbeya mpaka Chalinze kisha mpande juu Segera, Muheza, Tanga ni safari ndefu na msiifanye kwa siku moja na watoto, laleni Morogoro. Ukuta mtaumaliza mwezi wa tisa badala ya wa saba. Na mkifika mpe yeye kazi ya kununua samaki diko, abishane na wachuuzi, apate cha kuwasimulia wenzake akirudi. Mwanaume akishapata samaki wake kwa bei aliyoipambania mwenyewe, mwakani yeye ndo atakayeuliza tunaenda lini.

Habari dada. Mi dereva wa lori, natembea Dar–Tunduma. Nimepata siku tano, jamaa ananiambia nilipie pakeji ya hoteli ya ufukweni, kila kitu humo ndani. We naona unashabikia vimji vidogo. Tofauti ni nini, bahari si ileile? – Dereva, Dodoma

Nzuri kaka yangu. Bahari ni ileile kabisa, angalia basi unapoitazama mgongoni mwako kuna nini. Kwenye hoteli ya namna hiyo mgongoni kuna ukuta na geti na watu ambao wote wamekuja jana kama wewe. Ukisimama ukingoni mwa mto Pangani, pale unapoingia baharini, mgongoni una mji wenye umri, milango ya kuchongwa, Boma la zamani, vibaraza ambavyo wazee bado wanakaa jioni na bao, na ukisalimia vizuri watakusogezea nafasi.

Na we kwa kazi yako mji huu una habari inayokuhusu bila wewe kujua. Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilimleta Pangani mtu wao anaitwa Zelewski, aje kusimamia forodha na kupandisha bendera yao, akafanya ubabe mpaka kuingia msikitini na viatu na mbwa kama wazee wanavyosimulia, watu wakamwita Nyundo. Mwezi wa nane mwaka huohuo mji ukachafuka, ndo vita ya Bushiri, Abushiri bin Salim, ikashika pwani yote kuanzia huku Tanga kushuka chini. Bushiri walimkamata, wakamnyonga hapohapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Sasa huyo Nyundo aliishia wapi? Aliishia Lugalo, mwezi wa nane 1891, kwenye mkuki wa watu wa Mkwawa. Lugalo ileile unayoipita na lori lako kabla hujafika Iringa. Umekuwa unaendesha mwisho wa hadithi miaka yote, njoo uone mwanzo wake. Bibi yangu alikuwa akilitaja jina la Bushiri kama anamtaja mjomba wake aliyekwenda shamba atarudi jioni, na mi nimekulia hivyo, nikidhani kila mji una mtu kama yule.

Halafu vuka na pantoni upande wa Bweni, kusini kidogo kuna Kikogwe. Mkonge wote unaouona kuanzia Korogwe mpaka Kilosa ulianzia pale, mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Hindorf, aliagiza miche kutoka Florida kule Marekani, ikafa mingi njiani, ikafika 62 hai. Miche 62 tu, na ndo iliyojaza mkoa mzima na kuleta watu wa kila kabila kuja kukata, wengine hawakurudi kwao tena, ndo maana Tanga utasikia majina ya kila kona ya nchi. Tuna msemo wetu, Tanga waja leo kuondoka majaaliwa.

Sikudanganyi kwamba kila kitu kinang'aa. Majengo mengi ya zamani Pangani yamechoka, mengine paa limeshaanguka na mti umeota sebuleni, na kila nikienda naona moja zaidi limeinama, inaniuma sana. Hiyo nayo ni sababu ya kwenda sasa hivi usingoje. Hela yako ya siku tano ikilala kwenye gesti ya pale mjini na mgahawa wa pale mjini na kwa kijana wa pale anayetembeza wageni, inabaki palepale. Hoteli hazikosi wateja.

Shikamoo mama. Mama yetu ana miaka 71, tuko Arusha, ana presha na anatumia dawa. Hajawahi kuona bahari na sasa kila siku anaitaja. Ndugu zangu wanaogopa joto na safari, wanasema tutamuua. Tufanyeje? – Kitinda Mimba, Arusha

Marahaba mwanangu. Muulizeni kwanza daktari wake, huyo ndo mwenye ruhusa, mi nitasema ya upande wangu tu.

Joto linalowatisha ni la kaskazi, kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu, kweli hilo hata sisi wenyeji linatuchosha, usiku unageuza mto mara kumi. Mpelekeni wakati wa kusi, mwezi wa saba au wa nane, upepo unavuma toka kusini, asubuhi kuna kaubaridi mpaka watu wanavaa sweta, mtoto wa Arusha utacheka lakini sisi tunavaa. Safari ikateni katikati, laleni Same au Korogwe. Tafuteni chumba cha chini kisicho na ngazi. Dawa zake zikae kwenye mkoba wa mtu na sio kwenye buti la basi. Chakula chetu kina nazi na mara nyingine chumvi nyingi, samaki wa chumvi ndo kabisa, mwambieni mpishi mapema apike wa kwake pembeni, hakuna atakayekasirika.

Nikusimulie kidogo. Nilimleta mama mkwe wangu kutoka Kondoa, mwanamke aliyelima maisha yake yote, wakati huo mgongo umeshapinda. Tulimkalisha kiti kwenye mchanga maji yakiwa yanajaa, hakusema neno, mawimbi yakaja yakamgusa vidole akavuta miguu, yakaja tena akaiacha. Akachota kiganjani akaonja, akatema, akacheka mpaka machozi, akaniuliza nani kayatia chumvi yote haya. Kesho yake akaomba chupa tupu ya maji, akaijaza, akarudi nayo Kondoa kwenye begi katikati ya khanga ili wajukuu na majirani waonje wasije wakasema anawadanganya. Amefariki sasa, Mungu amrehemu. Ile chupa ilikuwa bado iko kwenye kabati lake la vyombo.

Wakiwaruhusu hospitali, mpelekeni mama yenu mwaka huu.

Mambo dada, mi na mchumba wangu tunafunga ndoa mwezi wa tisa, tuko Moshi, tunafikiria fungate huko kwenu. Ila sisi Wakristo, tunasikia miji ya pwani kuna masharti, bikini hamna, bia hamna, na watu wanakukodolea macho. Ni kweli? – Bwana Harusi Mtarajiwa

Poa, na hongereni sana. Mji una Waislamu wengi ndio, na kanisa lipo, na watu wameishi pamoja siku nyingi, hakuna atakayekuuliza dini yako. Ustaarabu tu. Mtaani mabega na magoti yafunikwe, mkeo akiwa na khanga begani keshamaliza kila kitu, nguo za kuogelea ni za ufukweni, pale Ushongo kusini ya mto kuna ufukwe mrefu mweupe na vibanda vya kulala wageni na huko mtavaa mnavyotaka. Bia zipo sehemu zake, usitembee nayo barabarani. Ikitokea mmekuja Ramadhani, mchana mle ndani, halafu magharibi tokeni mtaani muone mji unavyoamka, futari inanukia kila nyumba, uji wa pilipili manga, tambi, mihogo ya nazi, na mkiwa mmekaa kibarazani na watu mtakaribishwa, nawahakikishia.

Salamu ndo funguo. Pwani ukipita bila kusalimia umeonekana una kiburi, na mkubwa ni shikamoo, usimpigie mambo vipi mzee wa watu. Mwezi wa tisa mmechagua vizuri, kusi imeanza kulegea na mvua za vuli bado.

Na mkipata nafasi laleni usiku mmoja Tanga mjini mle bada, ule ugali mweusi wa mhogo na mchuzi wa samaki, ukiuona utasita, mkono wa pili utauliza kama kuna mwingine.

Shangazi shikamoo, watoto wangu wawili wa kiume hawajui kuogelea na ni watundu. Naogopa. Na hicho kisiwa cha Maziwe wanachokisifia kikoje? – Baba Mapacha, Morogoro

Marahaba. Kuogopa ni vizuri, endelea kuogopa. Mtoni wasiingie kabisa, mto Pangani una mamba na watu wa pale hawafichi. Mdomoni mwa mto napo hapana, maji yakianza kupwa yale ya mto na ya bahari yanavuta kwa pamoja, hata mvuvi mzoefu anayaheshimu. Waogee ufukweni penye wenyeji wanaoga, maji yakiwa yanajaa, yasizidi kiuno, na we uwe ndani ya maji sio kwenye kiti na simu. Kwenye miamba wavae viatu vya plastiki, kuna wale wadudu weusi wa miiba, ukimkanyaga likizo imeishia hapo. Na wakipita penye maji machache ya mchanga waburute miguu, kuna samaki wa mwiba anaitwa taa anajificha chini ya mchanga, ukimburutia anakimbia, ukimkanyaga anachoma.

Maziwe sasa. Ni fungu la mchanga katikati ya bahari, ni eneo tengefu tangu 1975. Zamani kilikuwa kisiwa kabisa chenye mivinje na kasa walikuwa wanakuja kutaga kwa wingi, marehemu baba alikuwa akinihadithia watu walivyokuwa wakipumzika chini ya miti, halafu mchanga ukaliwa na bahari mwaka hadi mwaka, miti ikaanguka, kufika miaka ya 80 mwanzoni hakuna mti hata mmoja. Siku hizi kinaibuka maji yakikupwa na bamvua likijaa kinafunikwa chote. Kwa hiyo unaenda kwa saa za maji, ukifika una mchanga mweupe peke yako na matumbawe pembeni, samaki wa kila rangi, na ukiambiwa tuondoke unaondoka, mahali ulipokuwa umesimama saa mbili zilizopita ni bahari. Wanao wakishayaona hayo kwa macho yao hutahangaika kuwaeleza maji kujaa na kupwa ni nini. Kodi boti yenye maboya ya kuvaa, hesabu yawatoshe wote kabla hamjapanda, kama hayatoshi msipande hata kama mmeshalipa. Shirikianeni na wageni wengine gharama zipungue. Kivuli hakuna hata cha kalamu, bebeni maji na kofia.

Shangazi, nikirudi niwaletee nini nyumbani? Nataka kitu cha pwani kweli, sio fulana. – Dada wa Iringa

Machungwa, mdogo wangu. Najua ulitegemea niseme nazi au dagaa.

Njiani kati ya Tanga na Pangani kuna magofu ya Tongoni, msikiti wa zamani na makaburi zaidi ya 40 ya mawe, shuka hata nusu saa. Mwaka 1498 meli moja ya Wareno ya Vasco da Gama ilikuja kukwama kwenye fungu la maeneo hayo, na mtu wao aliyekuwa anaandika safari akaandika kwamba watu walikuja na mitumbwi kuwaletea machungwa matamu kuliko ya kwao Ureno. Mwaka uliofuata wakirudi kutoka India wakiwa hoi, wengi wameshakufa kwa kiseyeye, ule ugonjwa wa kukosa matunda na mboga, wakaichoma moto meli moja palepale kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha. Mi huwa najiuliza kama yale machungwa wangeyabeba ya kutosha.

Basi lako likipita Muheza, fungua dirisha. Wauzaji watakuja wenyewe, yamepangwa kwenye nyavu na ndoo, na kuanzia mwezi wa sita hivi yanakuwa mengi na bei inashuka. Usichague yale yanayong'aa manjano tu, ya kwetu mengi yanakuwa na ukijani nje na ndani sukari tupu, shika mkononi, lililo zito kuliko linavyoonekana ndo lenye maji. Mwambie akukatie moja kwanza uonje, hawakatai, na uwe na chenji mkononi maana basi halisimami sana.